Ziwa Lisilokorogwa

Dokta Hollis alilitamka mara tatu
katika ukumbi wa parokia, Kyeshero,
mvua ikipiga mabati, jenereta ikikohoa:
meromiktiki.
Watu mia moja wakanigeukia mimi, mkalimani,
kama foleni ya madumu inavyogeukia bomba.

Nikasema, "Ngojeni kidogo.
Neno hili lina mshono."

Kwetu kulikuwa na kamusi,
Kigiriki kwa Kifaransa, kilo mbili na robo
(Mama aliipima kwa mizani ya maharage, kwa hasira).
Baba alifundisha lugha ya wafu kwa watoto wa walio hai,
akalipwa chaki na heshima.
Mwaka ule mlima ulipopasuka na moto ukashuka hadi mjini
tulikimbilia Gisenyi kwa miguu.
Mama alibeba sufuria kichwani, mdogo wangu mgongoni.
Baba alibeba kamusi.
Godoro likaungua.
Cherehani ikaungua.
Kamusi ilirudi salama.

Basi nikaifungua kichwani, pale mbele ya watu.
Meros: sehemu, kipande,
au, kama Baba alivyopenda kusema, fungu,
fungu la nyanya pale Birere,
fungu unalonyimwa urithi ukigawanywa.
Miktos: kilichochanganywa,
unga na maji, damu na damu,
Kiswahili chetu na kila kilichopita mpakani.
Wagiriki wenyewe hawakuwahi kuyakutanisha haya mawili.
Ni wataalamu wa maziwa, juzijuzi tu,
waliookota vipande kaburini mwa lugha
wakavishona, maana walikuwa na maji
wasiyojua kuyaita.

Sisi hewa mbaya tulikwisha kuipa jina, mazuku,
ile inayolala mashimoni
na kulaza mbuzi wasiamke.
Maji hatukuyapa.
Tuliyaita ziwa, tukachota.

"Ziwa letu," nikasema, "ni chai iliyotiwa sukari
na hakuna aliyeikoroga.
Juu mnaoga, mnafua, mnavua sambaza.
Chini kuna maji mengine, mazito,
yenye chumvi, yenye gesi,
hayajapanda kusalimia
tangu babu wa babu zenu."
Wakacheka.
Dokta naye akacheka, bila kujua kwa nini.

Ndipo Mama Nsimire, muuza makaa, akasimama,
vidole vyake vyeusi hadi kwenye kucha:
"Na kijiko anacho nani?"

Sikutafsiri mara moja.
Nilijifanya natafuta kalamu.
Nilipotafsiri, Dokta alitazama dirishani,
upande wa mlima, ambao kwa mawingu haukuonekana.
Alisema sentensi ndefu, yenye vituo vingi.
Nikasema, "Anasema wanapima kila siku."

Nilirudi kwa miguu juu ya mawe meusi
yanayokula viatu katika mji huu,
neno likinifuata.
Miaka kumi na minane baada ya Gisenyi
wazazi wangu waliamkiana, walipokezana chumvi,
walicheza pamoja kwenye harusi za watu.
Juu palikuwa shwari, ungeweza kuona uso wako.
Cherehani haikutajwa hata siku moja.
Hata msibani, Mama alipoulizwa aseme neno,
alisema, "Alikuwa mtu wa vitabu,"
akaketi.

Jioni nilimkuta jikoni.
Nikamweleza meros, nikamweleza miktos,
nikamweleza chai.
"Baba yako angefurahi," akasema,
akaepua maharage
na kuzunguka na sufuria mikononi, ile ile,
iliyobonyea ubavu mmoja tangu mpakani,
akaituliza pale anapoituliza siku zote:
juu ya kamusi.

Jalada lina duara jeusi,
limezama karibu kuifikia alfa.
Ni la zamani, la tangu Baba yupo.
Sijawahi kuuliza
ni nani aliyeanza.